Hundi ya Julai

Kila Julai mosi, saa tatu kasorobo,
kabla sijamaliza kahawa,
namlipa mtu kwa kurusha mpira
alioacha kuurusha nikiwa darasa la pili.

Lyle Vandermolen, mrushaji, mkono wa kulia.
Dola laki nne na elfu kumi na mbili.
Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Bado sita.
Aliyetia sahihi kwa niaba ya klabu amekwisha kufa,
klabu imeuzwa mara mbili,
uwanja umevunjwa; pale alipokuwa akisimama Lyle
sasa ni maegesho ya hospitali ya meno.
Deni tu ndilo halijastaafu.

Mkataba nimeusoma. Karatasi zimekuwa rangi ya chai.
Msimu ule klabu haikuwa na fedha,
wakamwambia: tutakulipa, ila si leo,
na riba juu yake, asilimia saba,
ukishakuwa mzee, ukishasahauliwa.
Wenzake walicheka. Walitaka magari, walitaka leo.
Yeye akauliza swali moja, limo katika kumbukumbu za kikao:
"Na nikivunjika?"
Hata ukivunjika.
Akatia sahihi ndefu, yenye mkia,
ya kijana aliyezoea kuandika juu ya mipira ya watoto.

Bega liliachia Agosti ya mwaka uliofuata.
Akiba haiozi, husemwa. Bega huoza.

Baba yangu alikuwapo uwanjani siku ile.
Casimir Wojtas, wa kiwanda cha vioo, tanuri namba nne,
alisimama juu ya kiti akamzomea
mpaka mate yakamkauka.
Mimi nilishika soseji yake isije ikaanguka.
"Mwizi! Wanamlipa huyu kwa lipi?"

Naye baba alikuwa na fedha zake za mbeleni,
senti kadhaa za kila saa, miaka thelathini na mmoja,
zikikatwa, zikiwekwa, zikiahidiwa.
Kiwanda kilifungwa siku ya Jumanne.
Barua ilikuja na maneno ya pole
na theluthi ya alichoahidiwa.
Aliikunja, akaikunja tena, akaisukuma chini ya mguu wa meza
iliyokuwa ikiyumba.
Haikuyumba tena.

Mwaka huu wakaguzi wanataka cheti cha uhai.
Nikampigia. Yuko Tenesii,
ambako jimbo halikati kodi ya mshahara.
"Unataka kujua kama niko hai?
Subiri, nimuulize mke wangu."
Nikamsikia akicheka, kisha akikohoa, kisha mbwa.
Aliniambia hawezi tena kuchana nywele zake,
Odile ndiye anayemchana;
kwamba majirani wanadhani ana kisima cha mafuta;
kwamba kila Julai huona haya kidogo,
kama mtu aliyekuta sahani yake imetengwa
kwenye karamu aliyodhani imekwisha.
"Huyo mnayemlipa simjui vizuri," alisema.
"Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwoga.
Ananitumia fedha. Sina anwani ya kumshukuru."

Nilitaka kumpa habari za baba.
Nilitaka kumwambia: yule aliyekuita mwizi
kutoka safu ya kumi na mbili
naye alikuwa na karatasi, ina muhuri kama yako.
Nikamwuliza jina la mtaa wake linaandikwaje.

Fomu imerudi leo kwa posta.
Ameisaini kwa mkono wa kushoto:
sahihi haina mkia, inapanda, inashuka,
sisimizi aliyepoteza wenzake.
Ahadi ni deni, nilifundishwa.
Sikufundishwa kuuliza
nani alikuja na wakili.

Nimebonyeza.
Saa saba nitakwenda kula kwa baba, supu ya kabichi.
Ataniuliza leo kazini kulikuwaje,
nitasema kawaida,
na nitaweka viwiko vyangu vyote viwili juu ya meza.